Kusikiliza Nako ni Kazi

Tunapotaja hospitali, wengi wetu hufikiri juu ya sindano, bendeji na harufu ya dawa. Lakini katika hospitali za Kigali, mji mkuu wa Rwanda, wako wafanyakazi wasiochoma sindano wala kuandika cheti cha dawa. Kazi yao ni kusikiliza na kuzungumza. Hao ni wataalamu wa saikolojia ya tiba. Hapa twataka kueleza jinsi wanavyofunzwa, na kwa nini darasa peke yake halitoshi.

Kwanza yafaa tujue tofauti. Daktari wa maradhi ya akili amesomea udaktari, naye aweza kutoa dawa. Mtaalamu wa saikolojia hutafuta chanzo cha taabu ya mgonjwa, kisha humtibu kwa mazungumzo yenye utaratibu. Wawili hawa hufanya kazi pamoja.

Elimu hii si ya zamani sana. Zahanati ya kwanza ya saikolojia ilifunguliwa na Lightner Witmer katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 1896. Mwaka 1949 wataalamu walikutana mjini Boulder, Colorado, wakashauri kwamba kila mwanafunzi atumikie mwaka mmoja mbele ya wagonjwa, chini ya msimamizi, kabla ya kuhitimu.

Rwanda iliihitaji elimu hii kwa sababu ya msiba mkubwa. Mwaka 1994, katika muda wa siku 100 hivi, watu zaidi ya 800,000 waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hata Hospitali ya Ndera, ambayo ilikuwa ikitibu wagonjwa wa akili mjini Kigali tangu mwaka 1972, haikusalimika: watu waliokimbilia humo waliuawa. Baada ya msiba huo, Dk. Naasson Munyandamutsa, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa kwa muda daktari pekee wa maradhi ya akili nchini. Mtu mmoja hawezi kusikiliza taifa zima. Ilikuwa hapana budi vijana wafunzwe.

Basi, mwanafunzi afikapo hospitalini hufanya nini? Huanza kwa kutazama. Hukaa kimya pembeni huku mkubwa wake akizungumza na mgonjwa. Baadaye huuliza yeye mwenyewe, msimamizi akiwapo, na mwisho huachiwa wagonjwa wachache. Kila mazungumzo huyaandika, kisha huyaeleza mbele ya msimamizi: nilisema hivi, mgonjwa akajibu hivi. Pia hufunzwa kutunza siri, isipokuwa pale ambapo uhai wa mtu umo hatarini.

Tuseme mama mmoja amekuja akilalamika kwamba kifua chabana na pumzi hazitoshi. Daktari amempima, moyo na mapafu ni mazima. Mwanafunzi mwenye haraka atasema, "Huna ugonjwa, mama." Mama ataondoka, wala hatarudi. Mwanafunzi aliyefunzwa vema atauliza, "Taabu hii ilianza lini? Huzidi wakati gani?" Huenda mama akajibu kuwa huzidi kila mwezi wa Aprili, Rwanda inapowakumbuka waliouawa. Hapo mlango umefunguka. Wanyarwanda wana neno lao, ihahamuka, ambalo asili yake yahusiana na mapafu: ni mtu aliyekosa pumzi kwa hofu, akiona mambo ya kale kana kwamba yatendeka sasa. Neno hilo halikutoka katika vitabu vya Ulaya. Lilitoka vinywani mwa watu.

Liko jambo jingine zito. Mwanafunzi wa leo amezaliwa baada ya mwaka 1994, lakini hakuzaliwa mbali na msiba huo. Pengine nyumbani kwao kuna viti vitupu, au jamaa aliyefungwa gerezani. Asikiapo habari za mgonjwa, moyo wake mwenyewe waweza kutikisika: akalia, au akageuza mazungumzo upesi asiyasikie. Kwa hiyo msimamizi humwuliza si habari za mgonjwa tu, bali pia, "Na wewe, u hali gani?" Asiyeulizwa swali hilo huenda akamdhuru mgonjwa, au akajidhuru.

Uchunguzi uliofanywa Rwanda mwaka 2018 ulionyesha kuwa karibu mtu 1 katika kila 5 alikuwa na taabu fulani ya akili. Maradhi haya, basi, si mambo ya watu wachache wa ajabu wa kuchekwa njiani. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mwenzako bwenini akikosa usingizi siku nyingi, au akijitenga na wenzake, usimcheke wala usimwite mwenda wazimu. Keti naye, msikilize, kisha mpeleke kwa mwalimu au hospitalini. Na kama mmoja wenu ataka kazi ya kuwafaa watu, ajue kwamba hii nayo ni kazi, na watendaji wake bado ni wachache.