'Kidogo' ya shabiki siyo 'kidogo' ya goti

KAWAJENSE, Mpanda. Siku ya mechi za Ligi Kuu England, kibanda umiza hujaa mapema. Kipa akiachia mpira mwepesi ukapita katikati ya miguu, mtangazaji wa Kiingereza husema kwa utulivu tu kwamba kipa huyo hatafurahishwa na bao hilo. Benchi la nyuma shabiki anaruka: "Huyu katuuza!"

Wote wawili wamesema kitu kilekile.

Waingereza wana mazoea ya kupunguza uzito wa jambo kwa maneno. Kitu kizuri sana wanakiita "siyo mbaya". Bob Paisley, aliyeinoa Liverpool kuanzia 1974 hadi 1983 na kubeba Kombe la Ulaya mara 3, alitania kwamba hata yeye alipitia nyakati ngumu pale Anfield: mwaka mmoja walimaliza wa pili!

Lakini lugha hiyo siyo ngeni kwetu. Tuna "si haba", tuna "kidogo". Mguse shabiki wa Simba kuhusu Novemba 5, 2023, atakwambia, "Tuliteleza kidogo." Siku hiyo Yanga ilishinda 5-1. Mkumbushe wa Taifa Stars safari ya Algeria, Novemba 17, 2015. "Siku haikuwa yetu," atajibu. Ilikuwa 7-0.

Hapo hakuna aliyedanganywa, maana matokeo kila mtu anayajua. Neno dogo linapoza tu moto, ili aliyepigwa tano kesho arudi kijiwe kilekile cha bodaboda, akae na watani wake walewale.

Balaa linaanza "kidogo" hiyohiyo inapohamia kwenye viwanja vya mtaani. Dogo kagongwa goti, kocha anauliza vipi. "Linauma kidogo tu, kocha." Anaogopa kupoteza namba, pengine fainali ni Jumapili. Kocha anaridhika, dogo anarudi kucheza anachechemea, na "kidogo" inaweza kumla msimu mzima.

Tofauti ni moja. Kipigo cha 5-1 kila mtu alikiona, ila maumivu ya goti anayajua mwenye goti peke yake. Kwa hiyo kocha akisikia "kidogo", asiishie kwenye neno. Amtoe dogo nje, amwangalie anavyotembea, na goti likivimba ampeleke hospitali. Jumapili namba atapewa mwingine. Siyo mbaya.