Skuta ya umeme ya kupelekea mizigo: uliza kadi kabla ya kuuliza bei

Wadau, hili limenikuta mwenyewe. Naliandika ili wewe lisikukute.

Nauza vitenge na viatu mtandaoni, nipo Mazingara, Handeni. Mzigo wa Kariakoo basi linaushusha barabara kuu ya Chalinze–Segera, boda anauleta kwangu, boda mwingine anautoa kwangu kwenda kwa mteja. Faida yote inaishia kwa boda. Nikaona tangazo la skuta ya umeme, ile ya kukalia. Nikamuuliza muuzaji habari za usajili, akanijibu: "Dada, hii haina mafuta, ni kama baiskeli tu." Nikalipa.

Wiki ya pili kijana wangu kasimamishwa na trafiki, ana mizigo mitatu ya wateja. Kadi hana, namba hana, bima hana. Skuta ikabaki kituoni, na mteja mmoja kashaanza kuniita tapeli kwenye komenti.

Trafiki hakukosea. Chombo chenye mota kikiingia barabara ya umma kinatakiwa kisajiliwe TRA, kiwe na bima angalau ya mtu wa tatu, na dereva awe na leseni na kofia ngumu. Kukosa tenki la mafuta hakukifanyi kuwa baiskeli.

Ila kuna kitu kinachanganya watu kweli. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na leseni za pikipiki zimepangwa kwa ujazo wa injini: A1 ni za chini ya cc 125, A3 ni vile vidogo visivyozidi cc 50. Sasa betri ina cc ngapi? Mota ya umeme hupimwa kwa wati. Hapo ndo wauzaji wanapopenyeza maneno yao.

Wenzetu wameamua kila mmoja kivyake. Paris walipiga kura Aprili 2023, skuta za kukodi zikaondolewa mwaka huohuo. Kigali wao, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria lazima iwe ya umeme.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela, omba namba ya chesisi, nyaraka za forodha na wati za mota, uende navyo ofisi ya TRA ukaulize kama kitasajilika. Muuzaji akianza kukuzungusha, achana naye. Ukitaka kubeba na abiria wa kulipia, hapo kuna leseni ya LATRA pia. Na zile kilomita za kwenye tangazo ni za mtu mmoja kwenye lami, siyo robota la mitumba kwenye vumbi letu.

Skuta nimeshaikomboa. Ipo ndani, imejaa chaji, inasubiri kadi. Mizigo ile mitatu niliipeleka kwa boda, nauli nikalipa mwenyewe.