Santuri za Mzee: Pesa Yako Ianzie kwa Sindano

Kwa nyumba nyingi za Jericho na Kaloleni kuna kartoni juu ya kabati ama chini ya kitanda ambayo hakuna mtu ameifungua kwa miaka. Ndani kuna santuri ndogo za 45: Daudi Kabaka, D.O. Misiani na Shirati Jazz, Les Wanyika, Super Mazembe. Nyingine wimbo ni mmoja, lakini umekatwa mara mbili, nusu upande huu na nusu ukigeuza, kwa sababu upande mmoja haukutosha. Mashine ya kuzicheza iliharibika zamani, ama iliuzwa wakati wa shida.

Sasa umeamua unataka kuzisikia, na pesa si nyingi. Wiki hii tunaongea juu ya kununua mashine ya santuri ya bei ya kadiri, na jinsi ya kuilipia bila kulia baadaye.

Tuanze na jambo ambalo muuzaji hatakuambia: mashine mbaya haimalizi pesa yako tu, inakula santuri yenyewe. Sindano hupita ndani ya mfereji mwembamba wa plastiki. Ikiwa imechakaa ama inakandamiza sana, inakwangua mfereji kila mara unapocheza, na sauti nyembamba za gitaa na matoazi ndizo huenda kwanza. Mashine unaweza kununua nyingine. Singo ya Nairobi ya miaka ya 70 ikishakwanguliwa, huenda usipate nyingine maisha yako yote.

Kwa hivyo, usichague kwa macho. Sanduku linalong'aa lisikupumbaze. Angalia vitu vitatu, kwa mpangilio huu.

1. Katriji na sindano

Katriji ni kile kidude kidogo kwenye ncha ya mkono, kinachobeba sindano. Vile vipleya vya kubebeka vinavyofanana na sanduku la safari, vingi vina katriji ya kauri inayokandamiza kwa gramu 5 ama zaidi. Katriji ya sumaku hukandamiza kidogo zaidi na husikia vizuri zaidi. Audio-Technica AT-VM95E, kwa mfano, hutaka gramu 2 tu.

Sindano huisha. Hata ya almasi hutumika saa mia kadhaa, halafu inabadilishwa. Kwa mashine ya mtumba, hujui sindano imefanya kazi saa ngapi, kwa hivyo chukulia imeisha na uweke kando pesa ya mpya. Kabla hujanunua mashine yoyote, uliza kwanza: sindano yake bado inauzwa? Kama haipatikani, achana nayo hata ukiuziwa bei ya kutupa.

2. Mkono

Mkono mzuri unarekebishika. Nyuma una uzito wa kuzungusha, ambao ndio huamua sindano itakandamiza kwa gramu ngapi. Unauzungusha mpaka mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, unaweka namba kwenye sifuri, kisha unaongeza mpaka gramu zinazotakiwa na katriji yako. Mizani ndogo ya gramu itakuhakikishia.

Kuna mashine rahisi ambazo mkono wake haurekebishwi, kama Audio-Technica AT-LP60X. Hiyo imewekwa tayari kiwandani na hukandamiza takriban gramu 3.5. Si mbaya kwa anayeanza, na sindano yake inabadilishwa, lakini hutaweza kuweka katriji ya aina nyingine baadaye.

3. Mota na stima

Hapa ndipo wengi hunaswa. Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50. Mashine za mtumba kutoka Marekani zimetengenezewa volti 120, hezi 60. Za Japani ni volti 100. Transfoma itapunguza volti, lakini haibadilishi hezi. Mota za zamani zinazofuata hezi za stima zitazunguka polepole, na Kabaka ataimba kama amelala.

Kupima ni rahisi. Bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ukingo wa sahani inayozunguka, washa saa ya simu, uhesabu mizunguko kwa dakika moja. Ukiweka 45, lazima izunguke mara 45. Ukipata 37 ama 38, hiyo ni mota ya hezi 60 inayokula stima ya hezi 50. Kwa 33, hesabu dakika tatu: zinatakiwa 100.

Na wufa ya nyumbani je?

Inatosha kuanzia, lakini katriji ya sumaku hutoa sauti ndogo sana. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia kama mtu anaongea akiwa nyumba ya tatu. Inahitaji priampu ya santuri katikati. Mashine nyingine, kama hiyo AT-LP60X, huwa nayo ndani. Amplifaya za zamani huwa na tundu lililoandikwa PHONO. Uliza kabla ya kulipa. Na usiweke mashine juu ya wufa yenyewe: mtetemo utafanya sindano iruke.

Kugawa pesa

Tuseme unaweka 500 kila wiki kwenye akiba ya simu. Baada ya wiki 40 una 20,000. Usizimalize zote kwa mashine. Mgao wa mfano ni huu: 11,500 mashine ya mtumba, 4,500 sindano ama katriji mpya, 2,500 priampu, na 1,500 fundi na mkanda mpya wa mota. Bei hubadilika, lakini wazo ni lile lile: karibu robo ya pesa iende kwa kile kinachogusa santuri. Na tafadhali, usichukue mkopo wa simu kwa jambo hili. Santuri zimengoja miaka mingi, zinaweza kungoja wiki 40.

Wakati unaweka akiba, zoesha masikio. Vuka mjini mpaka Kenyatta Market, kibanda nambari 570. Hapo ndipo Real Vinyl Guru ya James Rugami, anayejulikana kwa biashara ya santuri tangu 1989. Ukishasikia santuri ikilia inavyotakiwa, utatambua mashine mbovu haraka.

Siku ya kulipa

Mashine nyingi za mtumba huanzia kwa picha mtandaoni. Unauliza bei, unajibiwa: "Wateja ni wengi, tuma nusu nikuwekee." Usitume. Kama mashine ipo kweli, itakuwepo hata ukifika.

Nenda na santuri yako moja ambayo si ya thamani sana. Piga sindano picha kwa simu, uikuze uone kama imepinda. Hesabu mizunguko. Sikiliza mpaka mwisho wa upande, karibu na katikati, kwa sababu hapo ndipo sindano mbovu hujifichua kwa kukwaruza. Ukiridhika, ndio utoe simu.

Lipa kwa till ya duka kama ipo. Kama ni namba ya mtu, linganisha jina linalotokea na la huyo aliye mbele yako, kabla ya kukamilisha malipo. Akikwambia "hiyo ni ya kaka yangu, tuma tu", simama kidogo, uulize zaidi. Hifadhi ujumbe wa malipo mpaka umalize kuijaribu nyumbani.

Ukikosea namba, omba pesa irudishwe papo hapo, usingoje kesho. Lakini ukweli ni huu: ukimtumia tapeli kwa hiari yako na azitoe dakika hiyo hiyo, mara nyingi hakuna kinachobaki cha kurudishwa. Na PIN usimwambie yeyote, hata mtu akisema anapiga simu kutoka kwetu.

Ukifika nyumbani, futa vumbi kwanza, pima gramu, ndio ufungue ile kartoni. Kama mzee yuko, mwache achague ya kwanza.