Mashine Kuukuu na Haya za Kuuliza

Jamaa zangu wa Maskati, Sib, Barka, na nyinyi mliokwenda mbali zaidi,

Kila msimu wa baridi ukiingia huku Oman, bahari ikatulia na joto likapungua, hapakosi katika nyumba zetu kijana anayetaka kununua boti. Mpya ni ghali, basi hutafuta iliyokwisha tumika, ya faiba, na mashine ya miaka ishirini imepachikwa tezi. Sina ugomvi na vitu vikuukuu. Mimi mwenyewe sasa ni kikuukuu. Lakini nina kisa, na kwa kuwa wengi wenu mmekisikia nusunusu harusini na matangani, leo nakieleza chote.

Mwaka 1994 mimi na ndugu zangu watatu tulichanga riyali 700 tukanunua boti ya futi 21 yenye mashine ya farasi 40. Muuzaji alikuwa mtu mzima wa heshima zake, tunajuana naye. Tulimkuta pwani, mashine tayari inanguruma. "Sikilizeni wenyewe," akasema. Tukasikiliza. Nilikuwa na maswali mawili matatu moyoni, lakini kumwambia mtu kama yule azime mashine tuifunue tuitazame niliona ni kumvunjia heshima. Tukahesabu pesa, tukanywa kahawa, yakaisha.

Wiki ya tatu nilitoka na mwanangu na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, umri wake miaka 11. Tulielekea upande wa visiwa vya Daymaniyat, kiasi cha kilomita 18 kutoka pwani. Hatukufika hata nusu ya njia. Kile kijito chembamba cha maji kinachoruka nyuma ya mashine kilikuwa kimekatika, wala mimi sikukitazama, maana sikuwa najua kazi yake. Tukasikia harufu ya kuungua, kisha mlio wa chuma kukwaruzana na chuma, kisha kimya. Upepo wa shamali ukaanza kuvuma. Nikatupa nanga, kamba ikaisha kabla nanga haijagusa chini.

Tulielea tangu saa nne ya asubuhi mpaka karibu na magharibi, mvuvi mmoja wa Barka alipotuona akatufunga kamba na kutuvuta. Maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha tangu adhuhuri. Mpwa wangu alitapika mpaka hana cha kutapika. Tulipofika Sib dada yangu alikuwa amesimama ndani ya maji, buibui limemlowa mpaka magotini. Alimchukua mwanawe, hakunitazama. Kwa muda wa miezi miwili hakusema nami zaidi ya salamu.

Fundi alipoifungua mashine alinionyesha gurudumu dogo la mpira lililomo ndani ya pampu ya maji. Mapezi yake yote yalikuwa yamekatika. Gurudumu hilo ndilo linalovuta maji ya bahari kuipoza mashine, na kile kijito cha nyuma ndicho dalili kwamba linafanya kazi. Ni kitu cha riyali chache, na desturi ni kulibadilisha kila mwaka au miaka miwili. Hilo letu, nadhani, halikuguswa tangu mashine ilipotoka dukani.

Basi nikaanza kujifunza, kwa aibu, niliyopaswa kuyajua kabla. Jambo la kwanza nawaambieni kila mara: mashine ikutwe baridi. Weka kiganja juu yake kabla ya salamu kwisha. Mashine mbovu ikishapashwa moto huwaka kwa mvuto mmoja wa kamba, na mnunuzi hufurahi. Ukiikuta ya moto, mwambie mwenyewe utarudi kesho. Na isiwashwe kavu hata kidogo. Iwe baharini au ndani ya pipa la maji, kwani gurudumu lile la mpira likizunguka bila ya maji huharibika mara moja. Ikishawaka tazama kijito.

Nyingi katika hizi za zamani ni za mipigo miwili, zinazokula oili pamoja na petroli. Aghalabu kipimo ni lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani tangi la lita 25 hutiwa nusu lita. Nyingine za zamani zaidi hutaka maradufu ya hivyo. Muulize muuzaji anachanganyaje. Akikujibu kwamba hutia kwa kukisia, umekwisha kujua pistoni zimeishi maisha gani. Kisha zifunguliwe plagi, fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Silinda zisitofautiane zaidi ya sehemu moja katika kumi. Kipimo hiki ni cha dakika kumi tu, na hakuna rangi mpya inayoweza kukidanganya.

Legezeni pia skrubu ya chini ya giaboksi, itoke oili kidogo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji ya chumvi yamekwisha kuingia.

Boti yenyewe watu huitazama rangi na viti. Mimi naanza na ubao wa tezi, pale mashine inapobanwa. Nje ni faiba, lakini ndani mara nyingi ni mbao, na maji yakipenya kwenye matundu ya boliti mbao huoza bila ya kuonekana. Gonga kwa mpini wa nyundo: palipo pazima hulia, palipooza hujibu kama mto wa pamba. Kisha inua mashine, uitikise, utazame kama ubao unapinda. Karatasi za umiliki nazo ziwe na namba ile ile iliyochongwa kwenye mashine. Vipuri pia viulizwe mapema. Evinrude ni jina la tangu 1909, lakini mashine zake ziliacha kutengenezwa mwaka 2020. Ukiuziwa moja, jua kwanza vifaa vyake utavipata wapi.

Mwaka huu alinipigia simu mpwa wangu, yule yule wa 1994, sasa ana watoto watatu. Ameona boti Sib, mashine imepakwa rangi inang'aa. "Mjomba, twende wote," akasema. Tukaenda. Mashine tukaikuta ya moto. Nikamwambia muuzaji, kwa adabu zote, kwamba tutarudi. Kesho yake tulirudi alfajiri na fundi. Silinda ya kwanza geji ikasoma 115, ya pili 80. Muuzaji akanuna, akasema mzee hana imani na watu. Nikamwomba radhi, sikuondoka. Ubao wa tezi ulikuwa mzima kabisa, basi tukakubaliana bei ya boti peke yake, mashine akabaki nayo.

Jioni tulipita kwa dada yangu kumweleza. Alisikiliza yote, mgandamizo na giaboksi, huku akimimina kahawa. Kisha akamgeukia mwanawe akamwuliza kamba ya nanga ina urefu gani. Mpwa wangu akanitazama mimi. Nikamjibu kwamba tutanunua iliyo angalau mara tano ya kina cha maji. Akasema anataka kuiona mwenyewe kabla mtoto yeyote hajapanda.