Tairi Linalozeeka Likiwa Limesimama

Katika maeneo ya Marekani yenye majira ya baridi kali, trekta dogo la bustani hufungiwa bandani miezi kadhaa ya mwaka. Likitolewa kukata nyasi, meno ya tairi bado ni marefu, ila ubavuni pametapakaa nyufa. Tairi hilo limezeeka kwa kukaa.

Charles Goodyear alipata hataza ya Marekani mwaka 1844 kwa kupika mpira na salfa. Salfa hufunga minyororo ya molekuli pamoja, lakini huacha sehemu nyingi ambazo ozoni ya hewani huweza kuzikata. Kwa hiyo viwanda huchanganya nta ndani ya mpira. Tairi linapotembea hujikunja na kujikunjua, na nta hupanda juu ikatanda utando wa kinga. Trekta likisimama muda mrefu, utando haujitengenezi upya, na ozoni hupasua pale mpira ulipovutika.

Kulitoa tairi hilo kwenye rimu kunataka akili kuliko misuli. Ukishatoa upepo wote, bandua mdomo wa tairi ulioganda kwa kutu kwenye rimu. Ndani ya mdomo huo mna nyaya za chuma zisizovutika, hata ukipiga nyundo kutwa. Siri iko kwenye bonde lililo katikati ya rimu. Ukiusukumia mdomo bondeni upande mmoja, upande wa pili hulegea, na mtarimbo mfupi huuvusha ukingo bila kupasua kitu. Nami nasisitiza maji ya sabuni: hulainisha, kisha hukauka. Oili hubaki, ikaudhuru mpira na kuacha tairi liteleze juu ya rimu.

Tairi jipya likikataa kushika rimu, lizungushie mkanda katikati na uukaze. Midomo itatanuka kuelekea kingo, upepo ushike. Wapo wanaopuliza gesi ya kuwaka na kuitia kiberiti. Tafadhali usithubutu. Hata kwa upepo wa kawaida, tairi la nyuma lenye kipenyo cha sentimita 58 kwenye rimu ya sentimita 30, likijazwa psi 20 tu, kila ubavu hubeba msukumo wa zaidi ya tani mbili na nusu. Kaa mbele ya meno, mbali na ubavu, tumia mpira mrefu wa upepo, na usipite kiwango kilichoandikwa ubavuni.