Neno Lililojaza Pengo: Just A Band, Makmende na Albamu ya Mwaka 2012

Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii huwaelemea zaidi wasanii, kwani mwanamuziki akikawia kutoa kazi mpya, hadhira huhamia kwa mwingine. Makala haya yanafafanua jinsi bendi moja ya Nairobi ilivyowachelewesha mashabiki wake kwa miaka 3 kati ya albamu mbili, na jinsi neno moja lilivyoishi vinywani mwa watu katika kipindi hicho.

Just A Band ilianza mwaka 2003, na chanzo chake ni urafiki wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wanachama wake wa awali ni Bill Sellanga, anayejulikana zaidi kama Blinky Bill, Mbithi Masya, Daniel Muli na Jim Chuchu. Muziki wao ulitegemea kompyuta na vinanda vya umeme, ukachanganya midundo ya disko, hip hop na roki. Albamu ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka mwaka 2008, na ya pili, 82, ikafuata mwaka 2009. Ya tatu ilisubiriwa hadi mwaka 2012, nayo ikaitwa Sorry for the Delay, yaani samahani kwa kuchelewa. Hivyo basi, jina lenyewe ni ombi la radhi kwa hadhira.

Inafaa ieleweke kwamba bendi haikunyamaza kabisa katika kipindi hicho. Mnamo Machi 2010 ilitoa video ya wimbo Ha-He kutoka albamu ya pili, yenye mhusika shujaa aitwaye Makmende anayewashinda maadui wote kwa mtindo wa filamu za mapigano za miaka ya 1970. Katika muda mfupi, Wakenya walijaza intaneti kwa vichekesho walivyovitunga wenyewe kuhusu uwezo wa Makmende usio na mipaka. Vyombo vya habari vya Kenya na vya ng'ambo viliandika kuhusu tukio hilo, na wengi wakalitaja kuwa la kwanza la aina yake nchini. Bendi ilitoa video moja tu, lakini umma ukaendeleza hadithi.

Kwa mwanafunzi wa isimu, jambo la kuzingatia zaidi ni neno lenyewe. Makmende halikubuniwa na bendi. Lilikuwa likitumiwa na watoto wa Nairobi tangu miaka ya nyuma kumtaja mtu anayejifanya jabari. Asili yake inaelezwa kuwa ni maneno ya Kiingereza "make my day", aliyoyatamka mwigizaji Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983, Sudden Impact. Watoto waliyasikia matamshi bila kupata maana, wakayageuza kuwa jina la mtu.

Huu ni utohozi, ila si ule wa kawaida. Mosi, kanuni ingetarajia "make" izae "meki", kama "cake" ilivyozaa keki na "brake" ikazaa breki. Hapa irabu ni a, na hakuna irabu iliyoongezwa baada ya k. Pili, sauti n imejipenyeza kabla ya d, na kuunda silabi nde iliyozoeleka mno katika Kiswahili. Tatu, silabi funge mak si ngeni katika lugha hii, kwani imo katika neno maktaba lililotoka Kiarabu. Nne, kategoria ya neno imebadilika kutoka kirai kitenzi hadi nomino. Ni dhahiri kwamba sikio ndilo lililotangulia, na kanuni za vitabuni zikafuata nyuma.

Uwezo wa neno kama hili kuenea nje ya jiji unaweza kupimwa kwa kutazama Kinna, mji mdogo ulio kusini mwa Kaunti ya Isiolo, jirani na Mbuga ya Taifa ya Meru. Lugha ya nyumbani kwa wengi huko ni Kiborana, lugha isiyo ya Kibantu, ilhali Kiswahili hupatikana shuleni, redioni na katika shughuli na wageni. Kiborana kina silabi funge nyingi, kama majina Garba Tulla na Merti yanavyodhihirisha, na jina Kinna lenyewe lina konsonanti maradufu. Kwa hiyo, mzungumzaji wa Kiborana hana haja ya kuongeza irabu ili atamke Makmende. Neno lililozaliwa mitaani Nairobi linaingia kinywani mwake bila kikwazo. Kinachoweza kumtatiza ni Kiingereza kinachotawala nyimbo nyingi za bendi hiyo.

Hapa ndipo penye suala zito. Albamu ya mwaka 2012 ina jina la Kiingereza, lakini ndani yake kuna wimbo Dunia Ina Mambo, kama vile albamu iliyotangulia ilivyokuwa na Usinibore. Majina hayo mawili hayahitaji mkalimani Nairobi, Mombasa wala Kinna. Yanathibitisha kwamba muziki wa kompyuta unaweza kuzungumza Kiswahili bila kupoteza usasa wake. Hata hivyo, lugha hii ikitumika kama kiungo cha kuonjesha tu, msikilizaji aliye mbali na jiji atabaki mlangoni.

Baadaye wanachama walishughulikia pia kazi za binafsi. Mbithi Masya aliongoza filamu Kati Kati ya mwaka 2016, na Blinky Bill akatoa albamu yake mwaka 2018. Jina Makmende nalo limebaki katika kumbukumbu za Wakenya, pamoja na wasioweza kuitaja hata albamu moja ya bendi hiyo.

Kwa kuhitimisha, methali iliyotajwa awali yahitaji nyongeza: asiyekuwapo lake huweza kuwapo, iwapo ameliacha katika lugha ya watu. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuyakusanya maneno ya aina hii na kuyachunguza kabla ya kuyahukumu kuwa ni uharibifu wa lugha. Waliolizua Makmende walikuwa watoto, na asili yake ingepotea iwapo hakuna ambaye angejali kuiuliza.