Kabla Uwatusi Wasee wa Kuokoa Mbwa na Paka, Jua Hii Kazi Hufanywaje

Hii sinema tushaiona mara mob. Msee anapita karibu na steji, anapata katoni ya vitoto vya paka imetupwa kando ya mtaro. Anapiga picha, anaposti, anatag kikundi cha kuokoa wanyama: "Kujeni mchukue." Kikundi kinajibu kwamba kimejaa, kinamuomba awakalishe kwake siku mbili tatu. Kufika jioni komenti zimejaa moto. Hawa ni matapeli. Wanajali laiki tu. Wanakula michango. Katika kelele zote hizo hakuna anayeuliza nani alitupa hiyo katoni, na hakuna aliyeenda kuichukua.

Wengi wakiskia kikundi cha kuokoa wanyama wanawaza jengo, gari lenye nembo, mtu wa mapokezi na mshahara mwisho wa mwezi. Kuna shirika la aina hiyo, KSPCA kule Lang'ata, ambalo limekuwa kwa hii kazi tangu 1910, na hata hilo linategemea michango ya watu. Lakini vikundi vingi unavyotag ni wasee wanne watano wenye kazi zao za mchana: ticha, dem wa benki, mwanafunzi wa chuo. Wanyama wanalala kwa keja zao, chumba cha nyuma huko Rongai ama Syokimau, na landilodi mara nyingi hajui idadi kamili.

Sasa hiyo "tumejaa" inamaanisha nini? Chukua vitoto sita vya paka visivyo na mama. Huwezi kuvipa maziwa ya pakiti ya kawaida, vitaharisha na vife. Vinahitaji maziwa maalum, kwa chupa, kila masaa mawili au matatu, usiku ukiwemo. Piga hesabu ya kila masaa matatu: mara nane kwa siku, mara vitoto sita, hizo ni chupa 48 kila siku. Na baada ya kila chupa unachukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu unamsugua kila mmoja ndio akojoe, juu kitoto cha paka kikiwa kidogo hakiwezi kujisaidia bila kulambwa na mama yake. Huyo dem wa benki anafanya hivyo saa nane usiku, halafu saa mbili asubuhi yuko kaunta anakuhudumia.

Halafu kuna parvo, ugonjwa ambao watu wengi hawaujui hadi puppy yao idedi. Hicho kirusi kinaweza kukaa kwa udongo na sakafu kwa miezi. Sabuni ya kawaida hakiigopi, inabidi Jik. Puppy anaweza kuletwa akiwa anacheza fiti, kumbe ameshaambukizwa, na dalili zikatokea baada ya siku kadhaa, wakati mwingine hadi wiki mbili. Chanjo za puppy huanza akiwa na wiki sita hadi nane na hurudiwa hadi afike karibu miezi minne, kwa hivyo ndani ya hiyo keja kuna wadogo ambao bado hawajakingwa vizuri. Mmoja akiingia vibaya, unazika wengi. Ndio maana unaambiwa "kaa naye kwako siku 14 kwanza." Wewe unaskia mtu anahepa kazi. Yeye anafikiria wale kumi walio ndani.

Lawama ingine ni ya wale waliotaka mnyama wakanyimwa. "Mbwa wa bure halafu wananihoji kama natafuta visa ya Marekani!" Ni kweli maswali ni mengi, na kusema ukweli wengine huuliza kwa ukali usiohitajika. Lakini yanatoka mahali. Kuna mbwa walichukuliwa kwa mapenzi mengi, wakaishia kufungwa mnyororo mchana na usiku. Kuna paka waliochukuliwa kwa ploti ambayo keyateka hataki wanyama, wakarudishwa kwa katoni ileile baada ya wiki. Kuna wenye walienda ushago Desemba wakaacha mbwa na sufuria moja ya maji. Ukiulizwa kama nyumba ni yako ama ya kupanga, hawapimi mfuko wako.

Na usisahau swali la "mnyama atafungwa kizazi?" Mimba ya mbwa ni kama siku 63 tu, na paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, bado yeye mwenyewe anaonekana mtoto. Ukipeana paka jike bila kumfunga, umejiandalia katoni ingine. Upasuaji huo lazima ufanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, hiyo ni sheria ya 2011, na kliniki ya mtaani itakuitisha maelfu ya shilingi. Kwa hivyo ile pesa kidogo unayoambiwa ulipe unapochukua mnyama mara nyingi haifikii hata gharama ya upasuaji pekee.

Tukija kwa pesa, hapo mko na haki ya kuuliza. Matapeli wapo, wanaoiba picha ya mbwa aliyevunjika mguu na kuweka namba yao ya M-Pesa chini. Dawa yake ni rahisi. Uliza kliniki ni gani, upige simu, ulipe kwa till ya kliniki moja kwa moja. Itisha risiti. Rudi baada ya wiki tatu uombe picha ya mbwa yuleyule. Kikundi safi hakitakasirika, wengi hata watafurahi kwamba umelipa bili yao. Lakini kuanzia na "wezi" bila hata kuuliza ni kitu kingine kabisa.

Kuna pia wanaouliza mbona hamjaenda kumtoa mbwa wa jirani anayepigwa. Kenya iko na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na polisi ndio wenye nguvu ya kuitumia. Msee wa kujitolea akiruka geti ya mtu usiku, yeye ndiye atalala seli.

Ile ngumu zaidi ni "mliua mbwa." Kuna wakati daktari humdunga mnyama sindano ya kumpumzisha, kwa mfano aliyevunjika uti wa mgongo, ama mwenye dalili za kichaa cha mbwa, ambacho dalili zikianza hakina tiba. Aliyemlisha kwa mkono wiki mbili ndiye hushika kichwa chake wakati huo. Kisha anafungua simu anapata ameitwa muuaji na mtu ambaye hajawahi kununua hata pakiti ya omena kwa ajili ya mbwa wa mtaa.

Na hatimaye, "watoto wanalala njaa nyinyi mnalisha mbwa." Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na watoto ni kati ya wanaoumwa sana. Mpango wa Kenya wa kumaliza huo ugonjwa kufikia 2030 unategemea kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa wa nyumbani ataletwa na mwenyewe. Mbwa koko wa pale sokoni, nani atamshika? Mara nyingi ni hao hao wa kujitolea, wanaomjua kwa jina na wanaoweza kumkaribia bila kuumwa.

Wengi wao huacha kimyakimya. Ukurasa unakaa bila posti mpya, inboksi haijibiwi, chumba cha nyuma cha Rongai kinapangishwa. Mbwa wa sokoni wanabaki bila mtu wa kuwapeleka chanjo, na katika mitaa mingi kinachofuata huwa ni nyama yenye sumu inayotupwa usiku, ambayo haichagui mbwa koko na wako aliyetoka geti ikiwa wazi.